Wimbo wa Kutawanya Ndugu

Wimbo ulianza saa tatu na dakika kumi na tatu asubuhi, Alhamisi, na una urefu wa dakika nne, kwa hiyo katika dakika nne hizi kila kaka na dada waliokaa chumba kimoja, katika visiwa vyote vya Tonga, kutoka Tongatapu mpaka Vavaʻu, wanatakiwa wawe wameachana, mmoja atoke na kikombe chake cha chai, mwingine abaki na redio, maana wimbo ukikoma Lisiate atafungua kipaza sauti na kueleza habari ya nyangumi dume, na habari ya nyangumi dume si ya kusikilizwa na kaka na dada pamoja... ndivyo ilivyo, hakuitunga yeye, yeye alichotunga ni wimbo, yaani si wimbo wenyewe, wimbo ni wa bendi moja ya magitaa ambayo waimbaji wake wote wameshazikwa, alichotunga yeye ni kazi ya wimbo, zamani, asubuhi ile aliposoma habari ya mbu wa kiume wanaofugwa maabara na kuachiwa wakaoe bure bila kuzaa, akaongeza mzaha wake mmoja tu, na kabla hajaumaliza simu ya studio ikaita, mzee wa Kolovai, sauti inatetemeka, nilikuwa mezani na dada zangu watatu wewe kijana, watatu, chai imemwagika, sasa nitawatazamaje... na tangu siku ile, kabla ya habari yoyote yenye kitanda ndani yake, hupigwa wimbo huu, nchi nzima inajua, gitaa zile zikianza wanaume wanakumbuka ghafla kwamba nguruwe hawajalishwa, wanawake wanakumbuka nguo kwenye kamba, sokoni kaka na dada wanaouza viazi vikuu meza moja, dada huenda kunawa mikono hata kama ni safi, madereva wa teksi huzima redio ikiwa abiria ni binti wa baba mdogo, maana binti wa baba mdogo ni dada, hakuna neno jingine, na kwenye feri, ambako hakuna pa kwenda, wanaume husimama ukingoni wakaitazama bahari kama watu waliodondosha kitu... mchungaji alimsifu kanisani, akasema huu ndio utangazaji wenye adabu, meneja hamsifu, meneja amerudi kutoka mafunzoni Sydney na mchoro wa rangi, akamwonyesha kwa kalamu, tazama Lisiate, hizi dakika nne za wimbo ni dakika nne ambazo wasikilizaji wanatuponyoka, naye akamjibu, hawatuponyoki, mama, wanapishana mlangoni.

"Mzee Lisi," sauti ya Hopoate kwenye vipokea sauti, Hopoate fundi mitambo, upande wa pili wa kioo, mdomo umejaa mkate, "nyangumi wako yuko tayari au bado anavaa?" na Lisiate akabonyeza kitufe, "havai kitu, ndiyo taabu yenyewe," na Hopoate akacheka mpaka akafunga mdomo kwa kiganja kwa ajili ya mkate, Hopoate hucheka kwa lolote, kicheko cha Hopoate hakina thamani, ni kama mvua ya Machi... soma karatasi, tazama karatasi, usitazame saa, lakini saa iko juu ya kioo, huwezi kumtazama Hopoate bila kuitazama, na saa inasema kwamba kule visiwani, Pangai, Haʻapai, wakati huu mabegi yameshatolewa nje... karatasi. Kipindi kimekwenda vizuri. Ameanza na roboti ya kukunja nguo, inakunja fulana moja kwa muda ambao mtu anaweza kuoga, kunyoa na kuchelewa kazini, akasema alimsomea mkewe habari hii jana jioni na mkewe akamjibu, mimi wa namna hiyo ninaye, niliolewa naye, na hiyo ni kweli, mkewe alisema hivyo hivyo, hakuongeza kitu. Kisha kitanda kinachopima usingizi na kukupa maksi asubuhi, akauliza, sasa mtu akifeli usingizi anarudia darasa? Vitu vya namna hiyo, vyepesi, dunia inatengeneza maajabu huko iliko, nayo yanafika hapa kwa njia ya waya uliolala chini ya bahari, yeye kazi yake ni kuyapokea ufukweni na kuyavua viatu. Na sasa nyangumi. Kompyuta imesikilizishwa nyimbo za nyangumi, maelfu ya saa, wanataka ifasiri, na aliandika mwenyewe jana, kwa mwandiko wake, akicheka peke yake: wanaoimba ni madume, wanaimba wimbo mmoja msimu mzima, wakiubadilisha kidogo kidogo, jike haimbi, na baada ya mashine zote hizo bado haijajulikana kama majike wanasikiliza... na hapo ndipo unapokuja mzaha wenyewe, unaohusu kitu fulani cha nyangumi dume na urefu wa mtumbwi, mzaha mzuri, una mikunjo mitatu, ndio unaohitaji wimbo. Jana alicheka. Leo jicho linakwama kwenye mstari wa juu yake, haijajulikana kama majike wanasikiliza, aliandikaje sentensi ile kwa mkono uleule bila mkono kusita?

Kalolaine, dada yake, anaondoka leo. Alisema mkewe, Jumapili, akikaanga samaki, akimpa mgongo, kwa sababu habari za dada humfikia kwa mkewe, na habari zake humfikia dada kwa mkewe, mwanamke huyo amekuwa posta ya watu wawili tangu harusi na hajawahi kudai mshahara... wifi amekubali, alisema, Alhamisi, ndege ya asubuhi kutoka Haʻapai, halafu ya jioni Auckland, figo zimekataa kabisa, huko kuna mashine, mara tatu kwa juma damu inatoka, inaoshwa, inarudi, na Lisiate akasema, ndiyo, niliwahi kuisoma habari yake, kisha akatoka nje akalisha nguruwe ambao walikuwa wameshakula. Mashine ile haiponyi, hilo analijua, amesoma, inamweka mtu, na inamweka mahali ilipo yenyewe, harudi, hakuna aliyekwenda kwenye mashine ile akarudi kulima viazi, utakwenda pale Auckland utakuta Watonga wamejipanga na mikono imenyooshwa kama wanaosubiri ushirika. Naye atamwona leo, hilo liko wazi, mchana atakuwa uwanja wa ndege, atavaa mkeka wake wa heshima kiunoni, ule mzuri, atasimama, ataletwa karibu na kiti cha magurudumu, atainama, atambusu shavuni, naye dada atatazama chini na yeye atatazama chini, atamwuliza mkewe, dada amesafiri salama? na mkewe atamwuliza dada, na dada atamjibu mkewe, amesafiri salama, na hapo, mkono na mkono, ndipo watakapokuwa mbali kuliko siku zote. Ukaribu wao uko hapa. Uko hewani, kama upo. Nguzo ya redio inafika Haʻapai, inafika Vavaʻu siku ya anga safi, Auckland haifiki, na mtandaoni redio yao haijaingia, bodi imesema ni mwaka ujao, kama ilivyosema mwaka jana, kwa hiyo asubuhi ya leo ndiyo asubuhi ya mwisho ambayo kama anasikiliza... kama. Miaka yote hii ya kazi na hajui. Unamwulizaje? Unamwambia mkeo amwulize wifi yake, je, unamsikia kaka yako anapochekesha nchi? Halafu akisema ndiyo, utafungua kinywa tena kwa uso upi? Akijua kwamba dada anasikiliza lazima aache mzaha, na akiacha mzaha dada atasikiliza nini? Ameisuka kamba hiyo miaka mingi, kila akivuta upande mmoja fundo linakaza upande wa pili.

"Tatu na nusu zimebaki, Mzee Lisi," ndiyo, ndiyo, gitaa la kwanza limeshaingia, sasa anaingia yule mwenye sauti nyembamba... walikuwa na chandarua kimoja. Kalolaine amemtangulia kwa mwaka mmoja, walilala kichwa kwa kichwa chini ya chandarua kimoja kilichotobolewa na mshumaa, redio ya baba ukutani kwenye msumari, na baba akiizima usiku ili betri zisiishe, Lisiate anaendelea pale msomaji alipoishia, kwa sauti ileile ya puani, habari zaidi, kuku wa Mama Sela ameonekana mwezini, wanasayansi wanasema alifika huko kwa miguu, na dada anajaza shuka mdomoni, mkeka mzima unatetemeka, mkeka unatetemeka hakuna sauti, halafu sauti inaponyoka, kama mlango wa bati, na baba kutoka nyuma ya pazia, nani huyo? na wote wawili, hakuna! Kicheko kile. Ndicho kilichomwajiri, si bodi. Halafu siku moja ametoka shule, mto wake na mkeka wake haviko, viko kwenye kibanda cha wavulana nyuma ya nyumba, hakuna aliyemweleza, hakuna aliyekasirika, ilikuwa kama mvua imebadilisha upande, na jioni dada akapita na ndoo na Lisiate, mjinga, akadhani ni mchezo, akabana pua, habari zaidi kutoka mwezini... na dada hakugeuka, maji tu yaliruka kidogo ndoo ilipotikisika, na bibi akatoka na ufagio wa chelewa akampiga nao miguuni, si kwa nguvu, akasema, huyo sasa ni dada, mjukuu wangu, hutamchekesha tena. Hutamchekesha tena. Kama mtu anayesema usikanyage pale, pamefagiliwa. Na yeye ameshika, ameshika maisha yake yote na anaamini ni sawa, haoni kosa la desturi hiyo, nchi ya watu wasiotazama dada zao kwa adabu ameiona kwenye televisheni na hakuitamani, dada ndiye mkubwa wake, binti yake wa kwanza dada ndiye aliyempa jina, hakuulizwa mtu, harusini na misibani dada hukaa juu yake, anaweza kuingia nyumbani kwake sasa hivi akachukua godoro na friji na hakuna wa kumwuliza, kila kitu chake ni cha dada, isipokuwa mzaha. Mzaha peke yake ndio hawezi kumpa. Na mzaha ndio kitu pekee alicho nacho kizuri.

Na figo ya nguruwe... hapana. Ndiyo, fika huko, umeshafika. Mwezi uliopita, habari ilikuja kwamba madaktari wamemtia mtu figo ya nguruwe na imefanya kazi, akaisoma asubuhi, haikuwa na kitanda, haikuhitaji wimbo, akasema, wenzetu wanashangaa nguruwe kuingia ndani ya mtu, sisi tumewatia nguruwe ndani ya watu tangu enzi za mababu, wazima wazima, kwa tanuri la ardhini, tena bila ganzi, na mgonjwa akiamka anauliza kama kuna kingine. Nchi ilicheka. Watu walimsimamisha barabarani. Waziri mmoja aliurudia mzaha ule kwenye msiba. Na siku chache baadaye mkewe akamwambia, akikunja nguo, kuna jambo la wifi, walikuwa wamelificha, ni figo... mficha maradhi, kilio humfichua, lakini hapa aliyefichuliwa ni nani, aliyeficha au aliyecheka? Tangu hapo kila asubuhi akikaa kwenye kiti hiki anajiuliza swali moja lenye sehemu mbili, alisikia? na kama alisikia, je... na hawezi kumaliza sehemu ya pili, anaigusa anairudisha.

"Mzee Lisi, kuna simu." "Nani?" "Haʻapai. Binti. Anasema ni mpwa wako, anasema haraka, nikuunganishe au niseme uko kanisani?" na kabla hajajibu kidole cha Hopoate kimeshabonyeza, wimbo ukashuka kwenye vipokea sauti ukawa chini kama wimbo wa chumba cha jirani, na sauti ya Vika ikaja, binti wa mwisho wa Kalolaine, yule anayemwogesha, anayempimia dawa, "shikamoo, Mjomba," "marahaba, mama yako yuko wapi, ndege imeahirishwa?" "haijaahirishwa, gari limeshafika, Mjomba, nifanyeje?" "nini?" "wimbo unapigwa, kaka yangu ameshatoka zamani yuko nje na mabegi, nimeiendea redio niizime kama kila siku, mama amenishika mkono, anasema iache," "iache," "iache, ndiyo, nikamwambia mama ni wimbo ule, ukiisha Mjomba atasema mambo, anasema nimesikia, iache, sasa nikiiacha ni aibu yangu na nikiizima ni mkono wangu, ameubana, Mjomba, tazama, yaani, huoni, ameubana," na nyuma ya sauti yake honi ya gari, fupi, ya mtu mwenye adabu aliyechelewa, na nyuma ya honi, mbali, nyembamba, gitaa, gitaa lilelile, likija kutoka Haʻapai nukta moja nyuma ya gitaa lililomo masikioni mwake, akashika meza. Kama kila siku, amesema. "Vika. Umesema kama kila siku." "Ndiyo." "Huwa anasikiliza?" "Kila siku, Mjomba, hukujua?" "Ningeambiwa na nani?" na kweli, angeambiwa na nani, Vika akaendelea, "anasikiliza tangu salamu, na hali ya hewa, na yale ya roboti, na wimbo ukianza anasikiliza wimbo wote, siku moja niliuzima katikati, nilikuwa na haraka, akanitupia kandambili, akasema haujaisha, kwa hiyo nasimama pale mkono kwenye kitufe, ukiisha tu, kabla hujafungua kinywa, ndipo nazima, si kabla."

Ndipo nazima, si kabla. Lisiate alitazama kioo, Hopoate amenyanyua vidole viwili, dakika mbili, na midomo yake inauliza kitu... kwa hiyo wimbo wote. Miaka yote. Yeye akikaa hapa na mikono juu ya meza akisubiri uishe, akidhani ni mlango unaofungwa, akidhani dada, kama yupo, ameshanyanyuka na gitaa la kwanza, na kumbe dada amekaa kule, amekaa, anausikiliza mpaka kamba ya mwisho, dakika nne ambazo yeye hasemi na dada hacheki na hakuna anayemkosea mwenzake, dakika nne za watu wawili wanaosikiliza kitu kimoja, na meneja anaziita dakika za kuponyokwa! Alikuwa akiipigia nchi wimbo huu, akaamini anaipigia nchi, lakini mbona hakuwahi kuubadilisha, mbona vijana walipomletea wimbo mfupi wa kisasa wa dakika moja na nusu alikataa kama mtu aliyetukanwa, mbona alisema dakika moja haimtoshi mtu mzima kunyanyuka, alikuwa akimfikiria mtu mzima gani? "Mjomba, upo?" "Nipo. Vika, siku ile ya..." akaanza upya, "ile habari ya figo ya nguruwe. Redio ilikuwa wazi?" "Ilikuwa wazi." "Alikuwa anajua tayari? Ya kwake?" "Alikuwa ametoka hospitali juzi yake." Honi tena. Mtu anaita jina la Vika nje. "Alisemaje?" "Hakusema," na Vika akashusha sauti, kama mtu anayemchongea mama yake mbele yake, "alicheka, Mjomba. Alijaza shuka mdomoni na bado kikamtoka, mpaka mbwa akabweka, mpaka akaomba maji, na maji daktari amempimia, kikombe kimoja kwa siku, akakinywa chote palepale asubuhi, mpaka usiku alikaa na kiu, nikimwonea huruma anasema niache, ilistahili."

Hopoate kidole kimoja. Sauti nyembamba inarudia kiitikio, kisha atakuja wa besi, kisha magitaa matupu, kisha kimya, na baada ya kimya ni yeye, nyangumi na mtumbwi, na dada amesema iache... anataka nini? Anataka mzaha? Amechoka na adabu, mtu anayeondoka, anataka safari hii moja asikie mpaka mwisho? Au hataki chochote, anataka tu asizimiwe, si leo, si na mkono wa mtu? Hajui. Hata akiulizwa hatasema, na yeye hataki aulizwe. "Nikupe mama?" alisema Vika, "simu hii hapa," na Lisiate akasema hapana haraka kuliko alivyokusudia, hapana, usimpe, maana wakipeana simu watakuwa wako uwanja wa ndege tayari, amesafiri salama, amesafiri salama... kicheko ameshakipata, kimefika kikiwa kimechelewa mwezi mzima, kimepita kwa binti na kwa waya, lakini ni chenyewe, cha shuka, anakijua, na ajabu ni kwamba hana njaa tena ya kingine. Alidhani akikipata atataka zaidi. Anataka kidogo kuliko hapo. Anataka wimbo usiishe. "Vika, nani anaendesha?" "Mjomba Saia, wa upande wa babu," naam, Saia, mtoto wa baba mdogo, kaka wa Kalolaine kama yeye alivyo kaka, "gari lina redio?" "Linayo, lakini Mjomba, Saia na mama gari moja, hawawezi, ukianza kusema tu ataizima, umbali wote mpaka uwanjani," "nikianza kusema," "ndiyo," "na wimbo?" "Wimbo wanaweza," alisema Vika, "wimbo si wa kila mtu?"

Wimbo ni wa kila mtu. Kaka anaweza kuusikiliza na dada akiwa kiti cha nyuma, wala hakuna anayetazama chini. Wa besi anamaliza. Hopoate amenyoosha mkono juu, akiushusha polepole, kumi, tisa, na Lisiate akabonyeza kitufe, "rudisha mwanzo," "nini?" "wimbo, rudisha mwanzo," "Mzee Lisi, taa inawaka, nyangumi," "nyangumi anasubiri, wamesubiri msimu mzima, rudisha," "watu wako nje na vikombe, Mzee! wakisikia umeanza tena watajua kuna jambo baya zaidi linakuja, watahama kijiji!" "wahame," "meneja ataniua," "mwambie nimekufa mimi kwanza," "mara ngapi?" na Lisiate akahesabu barabara ya Pangai, kanisa, shule, mashamba ya mihogo, njia iendayo uwanjani, Saia haendeshi kasi, Saia hajawahi kuendesha kasi, "mpaka nitakapokwambia," na Hopoate akamtazama kupitia kioo, mkate mkononi, akaacha kucheka kwa mara ya kwanza mwaka huu, akauweka mkate chini. Magitaa matupu yakaisha. Kimya, chembe ya kimya, na kwenye simu alisikia chumba cha Haʻapai kikiwa kimya vilevile, redio yao kimya, na hakusikia kitufe. Mkono wa Vika haukwenda. Halafu gitaa la kwanza. Taa za simu zote zikawaka ubaoni, nne, tano, Kolovai hiyo bila shaka, mzee yule au mwanawe, akitaka kujua kama aingie ndani au abaki na nguruwe, na Hopoate anapokea moja moja, "bado, baba, bakini hukohuko, hapana, si kosa la mitambo," na Lisiate amekunja karatasi ya nyangumi mara mbili akaiweka chini ya kikombe, si kwa hasira, habari ni nzuri, ataisoma kesho, kesho mzaha utakuwa mzaha tena na Auckland haitasikia, kesho atachekesha nchi yote na atajua ni nani hayumo, leo hajui kama anafanya kazi au ameacha kazi, amekaa tu, mikono juu ya meza, anasikiliza, hajawahi kuusikiliza wimbo huu, kuna gitaa la tatu kule nyuma, dogo, linakosea palepale kila mara na kurudi, miaka yote hii hakulisikia, dada lazima amelisikia.

"Mjomba, tunambeba," alisema Vika, "naweka simu mfukoni," na hakuikata. Vishindo, kitambaa kikisugua, sauti ya mwanamume ikisema taratibu, taratibu, mguu kwanza. Hopoate akamwonyesha simu nyingine kwa kidole na Lisiate akatikisa kichwa. Saa tatu na dakika ishirini mlango wa gari ulifungwa Pangai, injini ikawashwa, na redio ya gari ikafunguliwa, wimbo ukiwa katikati.